Maswali ya paa za bati: mabehewa, makontena na hiyo silikoni yenu

Assalamu alaykum wasomaji. Safari hii maswali mengi yamekuja ya mabehewa ya mizigo na makontena, na nnaelewa, vijana wetu wanavuka kwenda kutafuta kazi kwenye karakana za bara na wafanyabiashara wa huku Zanzibar mizigo yao inapanda treni ikishafika Dar. Nimechagua yale ambayo jawabu lake litamfaa na mtu wa pili. Wale walioandika "paa linavuja nifanyeje" basi, hakuna picha, hakuna kipimo, hata kama ni nyumba au gari hajasema, nimewaacha. Andikeni vizuri ntawajibu.

Fundi, silikoni gani nzuri ya kuziba maungio ya paa la behewa? (Mwanakwerekwe)

Hakuna. Sababu utaiona ukiendelea kusoma.

Nipo chuo, project yangu ni kuchora behewa la mizigo lenye paa, la reli ya mita moja. Nimetia bati tambarare la milimita 3, nimechomelea pande zote. Mwalimu kasema nikafikiri tena lakini hakunambia kwa nini. (Mwanafunzi, Mbweni)

Mwalimu wako kafanya vyema, na mie ntakwambia alichokuachia ukitafute.

Kwanza uzito. Chuma cha milimita 3 kina kilo 23 na nusu kwa kila mita ya mraba. Chukua paa la mita 12 kwa mita 2.5, hizo mita 30 za mraba, ushapata kilo 700 za paa peke yake. Ukishuka mpaka milimita 1.6 inakuwa kilo 380 hivi. Hizo zaidi ya 300 zilizobaki ni mzigo ambao mwenye behewa angelipwa, weye umempa chuma akibebe bure kila safari maisha yote ya behewa, tena umemtilia juu kabisa ambapo uzito hautakiwi kwa sababu behewa linayumba.

Pili unene haukupi ugumu unaoufikiria. Bati tambarare hata likiwa nene litabonyea katikati ya mbavu zinazolishika kwa chini, maji yatatuama pale, na kutu itaanzia pale. Ugumu unaletwa na umbo. Kunja bati, litie migongo na mabonde, lipe mpindo kidogo ili maji yateremke pande mbili, utaona bati jembamba linabeba mtu bila ya kulia. Wamarekani walilijua hili zamani, mabehewa yao ya miaka ya 1930 yalikuwa na paa la vipande vya mstatili vilivyopigwa migongo, halafu mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaja na vipande ambavyo mgongo wake umekaa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Usidhani ni urembo. Behewa lina mlango mkubwa ubavuni, ubavu ule umedhoofika, kwa hivyo likipita kwenye reli mbovu au likigongwa wakati wa kupangwa linataka kwenda upande kama msambamba. Mgongo wa mshazari unaizuia hiyo pembe isivutike. Paa linafanya kazi mbili, kuzuia mvua na kushika umbo la behewa, na ukichora bila ya kuiwaza kazi ya pili utachora mfuniko tu.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka msikilize nyote, maungio. Bati la mita 12 likitoka digrii 24 za alfajiri likafika 64 za jua la adhuhuri linarefuka karibu milimita 6. Aluminiamu ni mara mbili ya hapo. Juu ya hilo behewa linajisokota likiingia kona. Sasa una njia mbili tu za kweli. Ya kwanza ni kuchomelea kila mahali, mstari mmoja usiokatika, paa na bodi ziwe kitu kimoja zitanuke pamoja, kama yalivyo makontena na mabehewa mengi ya sasa, na hapo lazima uwe mwangalifu na pembe za mlango kwa sababu nyufa zinaanzia pale. Ya pili ni kuliacha paa licheze, yaani kila bati limekunjwa juu pembeni, bati la jirani nalo limekunjwa juu, halafu kofia ya chuma inavalishwa juu ya mikunjo yote miwili, na bati linakamatwa kwenye mbavu tu kwa tundu ndefu ili lipate pa kwenda. Paa la zamani la Kimarekani lililoitwa Murphy lilijengwa kwa wazo hilo hilo, bati zisogee bodi ikijipinda bila ya kupasuka.

Njia ya tatu, ambayo ndio ya mafundi wetu wengi, ni kuchomelea madoa mawili matatu, pengine ukaacha wazi, halafu kujaza silikoni. Hiyo si njia. Umelizuia bati lisisogee na hapo hapo umelitaka lisogee. Silikoni itabanduka masika ya kwanza.

Na kitu kimoja ambacho wachoraji wapya hawakiwazi. Kwenye nyumba unapandisha bati juu ya jengine ukiangalia kusi inapiga wapi na kaskazi wapi. Behewa halina mbele wala nyuma, leo linavutwa upande huu kesho upande ule, kwa hivyo mpandano wowote wa kulalia siku moja utakutana na mvua uso kwa uso kwa kasi ya treni. Ndio mana kiungo cha behewa kinasimama juu na kuvaa kofia, maji yakija huku au kule ni sawa. Kisha uache nafasi ndani ya kofia, usiibane ikagusana kabisa, mwanya mwembamba unanyonya maji yakapanda juu, mwanya mpana maji yanashindwa.

Chora upya. Milimita 1.6, migongo, mpindo, na maungio yachore kwa ukubwa wake pembeni ya karatasi, usiyaache yawe mstari tu.

Geji gani nzuri kwa paa? (wengi)

Paa la nini? Kwa nyumba ya pwani usitie bati jembamba kuliko geji 28, ambayo ni karibu milimita 0.4. Kwa behewa geji za dukani sahau. Hili swali naomba liishe.

Tulisafirisha dagaa kwa treni mpaka Kigoma, gunia za juu zimefika zimelowa na zimeota ukungu, wenye treni wanasema paa halina tundu, sisi tunasema linavuja. Nani mkweli? (Mfanyabiashara, Malindi)

Dada yangu, pole kwa hasara. Inawezekana kabisa wenye treni wakawa wanasema kweli na gunia zako zikawa zimelowa kweli. Hilo ni jasho la bati.

Hewa ya digrii 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo huku kwetu ni hewa ya kawaida tu, inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye digrii 24. Usiku usio na mawingu bati linapoza joto lake juu mbinguni, linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, na treni kwenda Kigoma inapanda nyanda za juu ambako usiku ni baridi zaidi. Ndani dagaa ambao hawakukauka sawasawa wanatoa unyevu mchana kutwa, usiku unyevu ule unapanda, unagusa bati, unakuwa maji, unadondoka kwenye gunia za juu. Asubuhi jua likipiga mzunguko unaanza upya. Namna ya kujua: maji ya kuvuja yanalowesha sehemu moja na yanafuata kiungo au tundu ya skrubu, jasho linalowesha juu kote, na ukikagua bati kwa ndani utaona vitone vimejipanga kwenye mbavu.

Dawa inaanzia kwako. Dagaa wakauke mpaka wavunjike, chaga za mbao ziwe kavu kwa sababu mbao mbichi nayo inatoa maji mengi kuliko mnavyodhani, acha nafasi kati ya gunia na paa, na juu ya gunia tandika kitu cha kunywa maji kama magunia makavu au mkeka. Msifunike kwa nailoni mkaikaza, mtaufungia unyevu ndani ya mzigo. Kwa mwenye behewa dawa ni matundu ya hewa karibu na pale paa linaposhikana na ubavu, pande zote mbili, yaliyofunikwa yasiingize mvua, na paa lenye bitana ndani kwa mizigo ya chakula. Rangi nyeupe juu inasaidia joto la mchana, jasho la usiku haiondoi, asije mtu akakuuzia rangi kwa sababu hiyo. Na watu wa mwani wa Paje na Pemba hili linawahusu zaidi kuliko dagaa, mwani una chumvi na chumvi inavuta unyevu hata ukiwa umekauka mkononi.

Kwenye picha za mabehewa ya zamani naona ubao umepita katikati ya paa, kazi yake nini? Na siku hizi mbona haupo?

Ni njia ya kutembelea. Kabla ya breki za hewa treni ya mizigo ilikuwa inasimamishwa na watu, wanatembea juu ya paa kutoka behewa hadi behewa, treni inakwenda, mvua au barafu, wanazungusha gurudumu la breki moja moja. Walianguka na kufa wengi. Marekani walipitisha sheria 1893 ya kulazimisha breki za hewa na viungio vya behewa na behewa vinavyojifunga vyenyewe, lakini ubao ulibaki miaka mingi sana baadaye, ukaja wa wavu wa chuma, na ni 1966 ndipo mabehewa mapya yakaruhusiwa kutoka kiwandani bila ya njia ya juu.

Nawaomba vijana mnaokwenda bara: reli ya SGR ina nyaya za umeme wa volti 25,000 juu ya njia. Usipande juu ya paa la behewa lolote chini ya nyaya zile hata kuokota kofia yako. Huna haja ya kuzigusa, ukikaribia tu umeme unakurukia.

Natengeneza behewa la Kimarekani la miaka ya 1950 kwenye kompyuta, bodi nimetia rangi ya udongo, paa nitie ipi?

Usilitie rangi moja. Paa nyingi zilikuwa za bati lenye zinki na rangi haishiki vizuri kwenye zinki mpya, hasa ya mafuta, inagombana nayo na kubanduka vipande vipande. Kwa hivyo lionyeshe kijivu cha zinki kinachungulia kwenye mabaka, na kutu kidogo penye maungio. Na wenye nyumba someni hapa pia: bati jipya la zinki ama liache mpaka lichakae, ama tia praima yake maalumu. Fundi akija na kopo la rangi ya mafuta siku ya pili baada ya kuezeka mrudishe.

Nina kontena la futi 40 nimelifanya duka, nataka kutia tangi la lita 1000 juu katikati. Paa litahimili? (Chake Chake)

Hapana kaka, usifanye. Lita 1000 ni tani moja. Paa la kontena ni bati la milimita 2, na kipimo chake cha kimataifa ni kilo 300 kwenye eneo la milimita 600 kwa 300, yaani mafundi wawili wamesimama wanafanya kazi. Watu wanaona bandarini yamepangwa moja juu ya jengine wakadhani paa ndilo linabeba. Zinazobeba ni nguzo nne za pembeni, paa halimgusi mwenziwe. Jenga fremu inayokaa kwenye zile pembe nne, tangi likae juu ya nguzo za mwisho mmoja, si katikati. Na kama umeshakata madirisha ubavuni bila ya kutia fremu ya chuma kuzunguka kila tundu, anza na hilo kabla ya tangi.

Ni kweli ukinywa maziwa kabla ya kuchomelea bati la zinki huumwi?

Si kweli. Homa ile inatokana na moshi wa zinki unaoingia kwenye mapafu, maziwa yanakwenda tumboni. Saga zinki kwa grenda sentimita chache kila upande wa unapochomelea, fanya kazi nje, upepo ukutoke ubavuni, vaa maski ya moshi na sio kitambaa. Na ukimaliza tia rangi ya zinki pale ulipochoma, huku kwetu chumvi inapatafuta pale pale.

Gari yangu ya mzigo nimeifunika paa la bati, nimeshaziba silikoni tena na tena, bado inavuja penye kiungo. (Dereva, Wete)

Ikwangue yote. Yote mpaka chuma king'are, kwa sababu maji yameshaingia chini ya ile silikoni na yanaila bati usiyoiona. Halafu fungua kile kiungo, kunja kila bati juu sentimita 3 hivi, fundi yeyote mwenye mashine ya kukunjia hapo Wete atakufanyia, valisha kofia juu ya mikunjo miwili, piga ribiti kupitia ubavu wa kofia na sio juu yake. Mwisho wa kofia, kule mbele na nyuma, ikunje chini izibe, wengi wanapasahau na maji yanaingia kwa pale. Ukitaka kutia gundi ya kuziba tia ndani ya kofia ikafichike na jua, iwe ya msaada, na ufanye kana kwamba haipo.

Kabla ya rangi ijaribu. Adhuhuri mfungie mtu ndani na chaki, kila anapoona nuru atie alama. Kisha mwaga maji juu taratibu nusu saa, mpira usiwe na presha, uanzie chini ya mtelemko ukipanda ili ujue ni kiungo kipi.