Aliya huharibika siku ya kwanza

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama nyama ya kukaushwa nyumbani ni salama kwa asiye na friji, na chumvi itiwe kiasi gani. Nimeolewa Seme, si mbali na Kisumu, na aliya, yaani nyama ya ng'ombe ya kukaushwa ya Wajaluo, kwetu hukaushwa kila nyama inapobaki baada ya shughuli. Ni salama, ila watu huogopa pasipo na hatari. Huuliza itakaa miezi mingapi, ilhali aliya mbaya mara nyingi huwa imeharibika siku ya kwanza, ingali mbichi kambani.

Kwanza nyama iwe ya leo, na iwe na muhuri wa mkaguzi. Hapo sina mjadala. Ng'ombe aliyejifia zizini hakaushwi: vijidudu vya ugonjwa wa kimeta haviuawi na chumvi, jua wala moshi, na hata anayemchuna yumo hatarini. Nao wanaonunua nyama iliyolala buchani "maadamu itakaushwa tu", hao wanakausha uozo.

Chagua mnofu mtupu, maana mafuta hayakauki, huchacha. Kata kwa kufuata nyuzi, vipande virefu visivyozidi unene wa sentimita 1. Chumvi ni gramu 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani kama vijiko vitano vya chai. Paka kote, tundika papo hapo. Nyama isilale kwenye beseni.

Jua la Kisumu ni kali, lakini ziwa lina unyevu wake na mvua ya alasiri haibishi hodi. Kwa hiyo jioni tunahamishia nyama jikoni, juu ya moto wa kuni kavu, wala si vipande vya mbao zenye rangi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachochea moto mkali mapema, ganda la nje linakauka na kufunga maji ndani. Ukiitazama utasema imeiva, kumbe katikati inachacha. Mama mkwe hachukui kipande chembamba kuipima. Huchukua kile kinene kuliko vyote, akakikunja hadi kipasuke, akakodolea macho pale palipopasuka. Pakiwa na wekundu unaong'aa na kunata kidoleni, inarudi motoni. Ikikauka sawasawa, kilo tatu hubaki kilo moja na ushei.

Nzi zuieni kwa kitambaa chepesi. Tafadhali msitumie neti za mbu zilizotiwa dawa, kama wafanyavyo baadhi ya watu wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Dawa ile haikukusudiwa chakula.

Kuna pia wanaotaka ile chumvi ya waridi ya watengeneza soseji. Aliya haiihitaji. Ndani ya chumvi hiyo mna nitriti, ambayo ikizidi ni sumu, kwa hiyo hupimwa kwa mizani, kamwe si kwa kukisia. Na mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, ni habari nyingine kabisa: ile si nyama ya kuhifadhi, ichemshwe hadi ndani, ichomwe, iliwe siku hiyo hiyo.

Aliya iwekwe kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa, mahali penye hewa, kwani karatasi ya plastiki huifanya itoe jasho. Siku ya kuipika, irowekeni na kuichemsha vizuri kabla ya kuikaanga kwa nyanya na vitunguu. Ikiota ukungu, msiikwangue. Tupeni yote, na mbwa asipewe.

Msomaji wenu, Kisumu