Chama Hakitakupigania, Lakini Usiingie Zabuni ya Serikali Bila Chama

Wiki iliyopita niliandikiwa na msanifu majengo kijana, aliyesajiliwa si muda mrefu uliopita, akitaka kujua kwa nini alipe ada ya kila mwaka ya Chama cha Wasanifu Majengo Kenya, AAK, ilhali bodi ya usajili, BORAQS, tayari inamtoza ada yake, na kaunti anazoomba kazi hazijali kama yeye ni mwanachama au la. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nilijibu hadharani. Siwezi kulijibu bila kusimulia yaliyonipata, kwa hiyo, dada yangu, naomba univumilie.

Bodi na chama ni vitu viwili tofauti, ingawa wengi wetu huvichanganya. Bodi imeundwa na Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Sura ya 525, na kazi yake ni kusajili na kuadhibu. Kwa maneno mengine, ipo ili kumlinda mwananchi dhidi yako. Chama, kilichoanzishwa mwaka 1967, ni chetu wenyewe, na ndani yake wamo pia wakadiriaji (wanaokokotoa gharama za ujenzi), wahandisi na wapangaji miji. Ukionewa katika zabuni, mlango wa kubisha ni huo wa pili, na hata hapo ni lazima ujue unakwenda kuomba nini.

Miaka kadhaa iliyopita kaunti moja, ambayo sitaitaja, ilitangaza zabuni ya usanifu na usimamizi wa soko la ghorofa. Nililitaka soko lile kwa moyo wote. Nilikuwa nimelelewa na mama muuza samaki, na nilijua kwamba masoko yetu mengi huchorwa na watu ambao hawajawahi kujiuliza maji ya kuoshea samaki yanakwenda wapi yakishamwagwa. Nilipopakua nyaraka nilikuta mambo matatu. Mshauri alitakiwa kuweka dhamana ya benki, kana kwamba tunauza saruji. Alitakiwa pia kuonyesha mapato ya mwaka ambayo ofisi ndogo kama yangu isingeyafikia hata kwa ndoto. Na mshindi angepatikana kwa bei ya chini kabisa miongoni mwa waliofaulu mtihani wa kiufundi.

Nilimpelekea nyaraka hizo mwanachama mwenzangu, mzee wa kazi hapa Mombasa, ambaye nilimfahamu kupitia mikutano ya chama ambayo vijana huidharau. Alizitandaza juu ya meza ya kuchorea, akazipita kurasa za mbele zote bila kuzisoma, akafungua masharti mahususi ya mkataba na kuchukua penseli nyekundu. Alizungushia mstari sentensi moja iliyosema kwamba mshauri atalipwa fedha zitakapopatikana. Kisha akanieleza jambo ambalo shuleni sikufundishwa: Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, kuanzisha ununuzi wowote kabla hajaridhika kwamba fedha za kutosha zimetengwa katika makadirio yaliyoidhinishwa. Ikiwa fedha zimetengwa, sentensi ile haina kazi. Ikiwa hazijatengwa, zabuni yenyewe haikupaswa kutangazwa. Akazungusha mstari wa pili kwenye sharti la michoro. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo katika mkataba. Maana yake ni kwamba usipoandika lolote, soko ulilolichora mara moja na kulipwa mara moja linaweza kujengwa katika kila kata.

Niliiandikia kaunti maswali hayo yote kabla ya siku ya mwisho ya kuuliza, na chama nacho kikaandika barua yake kuhusu dhamana, mapato na namna ya kumpata mshindi. Hapa ndipo ushauri wangu mkubwa unapokaa. Barua ya chama ina uzito, kwa sababu afisa wa ununuzi anajua kwamba haitoki kwa mtu mmoja anayelilia kazi. Lakini haisimamishi saa. Kifungu cha 167 cha Sheria hiyo ya Ununuzi kinampa mwombaji siku 14 tu, tangu kuarifiwa kuhusu mshindi au tangu kosa lenyewe litokee, kupeleka malalamishi kwa bodi ya mapitio ya zabuni, PPARB. Haki hiyo ni ya aliyewasilisha zabuni au aliyechukua nyaraka zake. Chama hakikuchukua nyaraka. Wewe ndiye uliyezichukua. Kwa hiyo huku barua ikizunguka kutoka meza hadi meza, mimi nilikuwa nimeshaandaa malalamishi yangu na wakili, tayari kuyawasilisha. Ukishayawasilisha kwa wakati, mchakato wa zabuni husimama, na bodi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Kaunti nyingi huogopa kusimamishwa kuliko zinavyoogopa barua.

Haikufika huko. Kaunti ilitoa nyongeza ya nyaraka: dhamana ikaondolewa, ubora na bei vikawa vinapimwa pamoja, na sentensi ya fedha zitakapopatikana ikabadilishwa kuwa idadi ya siku tangu ankara kupokelewa. Sharti la mapato walilishikilia. Nililivuka kwa kuingia ubia na ofisi kubwa ya Nairobi, ambayo mkuu wake nilikuwa nimemjua katika kongamano la chama. Tulishinda. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nilipopanda ngazi za soko lile siku lilipofunguliwa na kuona maji yakiteremka kwenye mfereji wa meza za samaki bila kutuama, nilijua kwamba bei ya chini kabisa isingeununua mteremko ule.

Nirudi kwenye bei, kwa sababu ndiyo inayotumaliza. Kanuni ndogo za Sura ya 525 zinataja asilimia 6 ya gharama ya ujenzi kuwa ada ya msanifu kwa jengo jipya, lakini katika zabuni za serikali nimeona wenzetu wakiandika ada ambayo haiwezi kumlipa hata mchoraji mmoja. Vijana huniuliza kwa nini chama hakiwakatazi. Hakiwezi kuamka tu na kupanga bei: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakitaka chama cha kitaaluma chenye kanuni zinazobana ushindani kiombe kwanza kibali cha msamaha kutoka kwa Mamlaka ya Ushindani. Hata huko Marekani, chama cha wasanifu, AIA, kilishtakiwa na serikali kwa sababu ya masuala ya ada na kikabanwa na amri ya mahakama mwaka 1990. Njia iliyowafaa Wamarekani ilikuwa nyingine. Tangu sheria waiitayo Brooks, ya mwaka 1972, serikali yao kuu humchagua msanifu kwa sifa zake kwanza, na bei hujadiliwa baadaye na aliyeshika nafasi ya kwanza. Sheria yetu ya ununuzi inaruhusu uteuzi kwa ubora peke yake, na pia mashindano ya usanifu, lakini maofisa wa ununuzi hukimbilia bei kwa kuwa ni rahisi kumweleza mkaguzi. Kuwabadilisha ni kazi ya chama, na ni kazi ya miaka.

Kwa wateja binafsi mambo ni mepesi zaidi. Mkataba wa ujenzi wa Baraza la Pamoja la Ujenzi, toleo la mwaka 1999, ulitolewa kwa ridhaa ya AAK pamoja na chama cha makandarasi, na makandarasi wengi wanaujua. Serikalini hauna nafasi: kifungu cha 70 cha Sheria ya Ununuzi kinazilazimisha taasisi za umma kutumia nyaraka sanifu za Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Nyaraka zenyewe si mbaya. Ubaya hujazwa kwenye masharti mahususi, ambayo kila taasisi huyaandika yenyewe. Na wakati wa kuyahoji ni kabla ya kuwasilisha zabuni, kwa sababu rasimu ya mkataba ni sehemu ya nyaraka ulizokubali.

Sasa niseme linaloniuma. Pamoja na sentensi ile iliyobadilishwa, ankara yetu ya mwisho haijalipwa hadi leo. Riba inapanda kwenye karatasi, kama kifungu cha 140 cha Sheria ya Ununuzi kinavyoruhusu, na karatasi haijazi friji. Uchungu zaidi ni kodi. Kaunti haishughulikii malipo bila ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Lakini ukishatoa ankara hiyo, kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe umelipwa au hujalipwa. Tuliilipa serikali kodi ya fedha ambazo serikali haijatupa. Mkataba ukiwa na kifungu kinachosema hivyo, AAK inaweza kuombwa kumteua msuluhishi wa kuamua mgogoro, na wetu unacho. Lakini hata ukishinda, Sheria ya Mashauri ya Serikali hairuhusu mali ya serikali kukamatwa ili ulipwe; itabidi urudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika atimize wajibu wake. Wenzangu wa Nairobi wanataka twende kwa msuluhishi. Mimi bado napima gharama ya wakili dhidi ya deni.

Kwa hiyo usije kwenye chama ukitarajia mlezi. Njoo na nyaraka mkononi, mapema, ukiwa umeshazisoma, na uwe umehudhuria mikutano kabla hujawa na shida, kwa maana hakuna mzee atakayemchukulia penseli nyekundu mtu anayemwona kwa mara ya kwanza siku mbili kabla ya zabuni kufungwa. Vijana wa siku hizi mnataka msaada unaoagizwa kwa simu.

Umeniandikia kwamba zabuni unayoitazama, ya kituo cha afya, inafungwa mwezi ujao, na kwamba kituo hicho kiko karibu na kwenu. Pakua nyaraka leo, kwa jina la ofisi yako, na uhifadhi ushahidi wa tarehe. Tafuta masharti mahususi, utazame ni nini kinachoanzisha malipo ya kila hatua: kuwasilisha michoro, au kuidhinishwa kwake. Ikiwa ni kuidhinishwa, uliza kwa maandishi ni nani anayeidhinisha na ana siku ngapi, kisha nitumie nakala ya swali hilo pamoja na jibu lao.