Anayelipuka na anayezima: kwa wewe unayeanza kazi na watu wenye usonji

Kijana wa kwanza niliyekabidhiwa kazini nilielezwa kwa maneno matatu: huyu ana hasira. Alikuwa na miaka 14. Asubuhi mpole, ikikaribia saa 6 mchana anapindua meza. Nikakaa wiki tatu nikizivizia hizo hasira, sikuziona. Nilichokuja kukiona ni kwamba kuanzia saa 4 alikuwa akiandika huku bega la kulia amelipandisha mpaka limeziba sikio. Feni ya darini ilikuwa inakwaruza. Sisi wengine tulishaizoea hata hatuisikii. Yeye kila mzunguko ulikuwa unampitia kichwani upya.

Basi wewe unayeanza, iwe darasani, kwenye nyumba ya malezi au kwa mtu mzima unayemsaidia kwake, anza kwa kulitafuta hilo bega. Meza kila mtu anaiona.

Mimi nasema kulipuka na kuzima. Wenzangu wana maneno yao, usigombane nao. Kulipuka ni pale mtu anapopiga kelele, analia, anarusha vitu, anakimbia ovyo, anajing'ata au kujigonga kichwa ukutani. Kuzima ni pale anaponyamaza na kuganda: anajikunja pembeni, haitiki akiitwa, maneno yanampotea ingawa dakika tano zilizopita alikuwa anaongea vizuri. Na tafadhali, siyo ile ya mtaani ya kujizima data. Huyu hajifanyi hajui. Amezimika.

Chanzo cha yote mawili ni kimoja. Mwili umepokea kuliko unavyoweza kubeba: sauti, mwanga, harufu, msongamano, ratiba iliyobadilishwa bila taarifa, na ile kazi isiyoonekana ya kukisia kutwa nzima watu wanamaanisha nini. Ukizidiwa, hauna njia nyingi. Utapigana, utakimbia au utaganda. Mtu yule yule anaweza kuzima shuleni na kulipuka akifika nyumbani, na ndipo mwalimu anapomwambia mama kwamba "kwangu hana shida kabisa". Mama anarudi amejiinamia, akidhani kasoro ni yake. Kumbe mtoto amejikaza saa saba mfululizo, na amepafikia mahali pekee anapoweza kulegea.

Habari ya hisi si mpya, ila ilichelewa kupewa uzito. Daktari Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11, alishataja watoto waliotishwa na lifti, mashine ya kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, hata upepo. Lakini mwongozo wa Marekani ambao madaktari wengi huutumia kutambua usonji, ule wa DSM, uliingiza wazi hisi kali mno au hafifu mno katika vigezo vyake mwaka 2013, kwenye toleo la tano. Kwa hiyo ukikutana na mfanyakazi mkongwe anayekuambia kelele ni kisingizio, usimshangae sana. Huenda hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Utaulizwa sana: nitajuaje kama ni kulipuka au ni kudeka tu? Anayedeka ana anachokitaka. Akikipata, kilio kinakwisha, na mara nyingi analia huku jicho moja liko kwa mtazamaji. Anayelipuka mpe alichokuwa anakitaka, bado haikomi, na hajali nani anamtazama wala kama anajiumiza. Mimi nikiwa na shaka huchukulia kwamba amezidiwa. Nikikosea, nitakuwa nimempunguzia kelele mtu ambaye hakuzihitaji sana. Nikikosea upande wa pili, nitakuwa nimemuadhibu mtu kwa kutapika.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa mdomo. Meza ikishapinduka, mimi naanza: tulia, vuta pumzi, nitazame, niambie nani amekuudhi. Hesabu mwenyewe. Hayo ni madai manne kwa mtu ambaye ameshindwa kubeba hata moja, na yote yanaingia kwa mlango ule ule wa masikio unaomuuma. Wakati huo uwezo wa kuchambua maneno unapungua sana, hata kwa msemaji hodari. Ukiongeza maneno, unaongeza mzigo.

Siku hizi kazi yangu saa ile ni kupunguza. Napunguza watu kwanza: ni rahisi kuwatoa wenzake 12 chumbani kuliko kumvuta yeye, tena ukimvuta umemgusa. Nazima taa, nazima chochote kinachonguruma. Nasogea pembeni, siyo mbele yake, na simkodolei macho. Sauti naishusha. Nikisema, nasema sentensi fupi isiyohitaji jibu, kama "Nipo hapa. Huna haja ya kuongea." Halafu nanyamaza kweli, jambo ambalo lilinichukua karibu mwaka mzima kulimudu, maana kunyamaza mbele ya wenzako kunaonekana kama huna unachofanya.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Andrew McDonnell, ameshughulika kwa miaka mingi na njia ya kushusha msisimko, na njia hiyo inamtazama msaidizi kabla ya kumtazama msaidiwa. Umesimamaje? Umekunja mikono? Unapumua vipi? Mara ya kwanza niliona ni maswali ya kupotezea muda. Kisha mwenzangu mmoja akanionyesha kwa kuniiga jinsi ninavyoingia chumbani kukiwa na kelele: kifua mbele, hatua kubwa, shingo imekaza. Nilijicheka, lakini nilielewa kwa nini vijana walikuwa wanarudi nyuma.

Kugusa ni suala la kuuliza siku ya utulivu, siyo siku ya tufani. Wako wanaotamani kubanwa kwa nguvu na wako ambao kiganja chako begani kinawaunguza. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, alijitengenezea akiwa kijana mashine ya kumbana mwili, baada ya kuona ng'ombe wakitulia ndani ya kibanio. Alitamani mgandamizo ila kukumbatiwa na watu hakukuweza. Mimi kilichonifunza ni mahali ilipokuwa swichi: mkononi mwake. Vivyo hivyo usimzuie mtu kujitikisa, kupunga mikono au kurudia neno moja. Hizo ndizo tundu anazopumulia.

Kumkamata na kumshikilia ni jambo la hatari na sitalipamba. Watu wamekufa wakiwa wamelazwa kifudifudi na wasaidizi waliodhani wanawatuliza, kwa sababu mkao ule, na uzito ukiwa mgongoni, unazuia pumzi. Kifudifudi usimlaze mtu kamwe. Kama anaelekea barabarani au majini, mzuie, kwa muda mfupi uwezekanao, na mwachie hatari ikipita. Anayejigonga kichwa, wekea mto kati ya kichwa na ukuta badala ya kupambana na kichwa chenyewe.

Sasa nije kwa yule anayesahaulika.

Nilikuwa na binti wa miaka 19 ambaye kila nikijaza daftari la zamu nilimwandikia "leo alikuwa mtulivu". Niliandika hivyo siku nne mfululizo, na nilifurahi, maana zamu ilikuwa nyepesi. Siku ya tano hakuweza kuinuka kitandani. Wiki mbili baadaye alinieleza kwa kuandika kwenye simu kwamba siku zile zote alikuwa amezima. Alikuwa anasikia kila kitu. Alinisikia mimi, nikiwa hatua tatu kutoka kwake, nikimwambia mwenzangu kwamba amenuna tu, aachwe. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami nilikuwa nimesimama juu ya kaburi nikitoa maoni.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kunatoka pande zote mbili. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka binti yule. Kwenye faili lake tulikuwa tumeandika kwamba hasomi hisia za wengine. Na sisi tuliosoma uso wake siku nne tukaona utulivu, tuandikwe nini?

Anayezima usimlazimishe aongee ili ujue kama yu mzima. Kaa karibu bila kumsonga. Mpe njia ya kujibu isiyopita mdomoni: kadi, kidole gumba, ujumbe wa simu, kugusa moja ya vitu viwili. Usimfanyie maamuzi kwa kuwa amenyamaza, na usihesabu kimya chake kuwa ni ndiyo. Huduma zinazoweza kungoja, kama kuoga au kubadili nguo, zingoje. Kuhusu muda, wengine dakika 20, wengine nusu siku, na uchovu wake unaweza kudumu siku kadhaa. Ukimharakisha anarudi mwanzo.

Ila kimya kina aina zake, na hapa uwe macho. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, kwa hiyo asiyeitika huku macho yanapepesa, mwili unashtuka au midomo inabadilika rangi, usimhesabu kuwa amezima tu. Ita msaada wa tiba. Pia yule ambaye kwa siku au wiki anazidi kuwa mzito, anakwama mlangoni, anaganda na kijiko hewani, anaacha kula, huyo anahitaji daktari. Na mtu asiyesema aliyebadilika ghafla, tafuta maumivu kabla ya kutafuta tabia. Bwana mmoja mtu mzima tulimwandikia mpango mrefu wa kumzuia kujipiga taya. Lilikuwa jino.

Baada ya tufani watu wengi huona aibu, na wengine hawakumbuki vizuri kilichotokea. Hapo usihubiri. Usimwonyeshe kiti kilichovunjika, usimdai samahani mbele ya watu. Maji, blanketi, giza kidogo. Mazungumzo yatakuja kesho au keshokutwa, na yawe mafupi. Najua wapo wanaosema bila adhabu atazoea. Nimefanya kazi na walioadhibiwa miaka na miaka. Walichozoea ni kuficha dalili za mwanzo, kwa hiyo mlipuko unakuja bila onyo.

Dalili hizo ndizo mali yako. Mmoja anarudia swali lile lile, mwingine sauti inapanda, mwingine anakuwa na adabu kupita kawaida. Andika saa mbili tatu zilizotangulia badala ya kujaza ukurasa mzima kuhusu mlipuko wenyewe: alilalaje, nani hakuja kazini, kipi kilihamishwa, kelele gani ilianza. Usitegemee swali la "unajisikiaje?" Wengi wenye usonji hupata taabu kuzitambua hisia zao hadi zimefika shingoni, na swali hilo linakuwa mtihani mwingine. Muulize la kuchagua: unatoka au unabaki? Hata hilo liwe limepangwa mapema, ili akiinua kadi yake atoke bila kuhojiwa na mtu.

Feni ilitengenezwa. Kijana aliendelea kupindua meza mara mojamoja, kwa sababu kengele ya mapumziko haikutengenezeka, na kwa sababu alikuwa na miaka 14. Tulipatana awe anatoka dakika mbili kabla ya kengele.

Neno "mtulivu" nililiacha. Ukurasa wa mwisho nilioujaza kuhusu binti yule, siku niliyohama kituo, unasomeka hivi: Saa 5:10 ameacha kuchora. Saa 5:25 haitiki, anapumua vizuri, macho yanafuata kivuli. Nimezima taa, nimekaa upande wa dirisha. Saa 6:40 amenyoosha kidole kwenye jagi. Amekunywa. Sijamuuliza kitu.