Programu imepungua baiti 192 tu, na chipu haiwaki

SWALI: Naandika programu ya C kwa chipu ya Cortex-M0 yenye flashi ya KB 64, na nafasi inakaribia kuisha. Nimeipa linka (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja) swichi ya -Wl,--gc-sections ili itupe funksheni zisizotumika. Programu imepungua baiti 192 tu, na sasa chipu haiwaki. Tatizo liko wapi?

JIBU: Tuanze na hizo baiti 192. Jedwali la vekta, yaani orodha ya anwani ambayo chipu huisoma ili ijue pa kuanzia na pa kwenda interapti (ishara ya kukatiza kazi) inapokuja, kwenye Cortex-M0 lina nafasi 16 za mfumo na hadi 32 za interapti, kila moja baiti 4. Piga hesabu: 192. Karibu hakika umetupa jedwali lenyewe. Linka huanzia pale ENTRY (mahali pa kuanzia programu) inapoelekeza na kufuata kila rejeo, kisichofikiwa hutupwa. Jedwali hili haliitwi na msimbo wowote, husomwa na chipu yenyewe inapowashwa, hivyo linka huliona takataka. Kwenye skripti ya linka (faili linaloipangia nini kiwekwe wapi) andika KEEP(*(.isr_vector)), yaani usiitupe sehemu (section) hii, na jina la sehemu liwe lile lile lililomo kwenye faili la kuanzishia. Usitegemee __attribute__((used)) peke yake: hiyo huizuia kompaila tu.

Na mbona hakuna kingine kilichopungua? Kwa sababu linka hutupa sehemu nzima, haichambui funksheni zilizomo ndani yake. Kwa kawaida GCC hurundika funksheni zote za faili moja la chanzo kwenye sehemu moja, .text. Ukiita moja kati ya ishirini, zote zinapona. Ongeza -ffunction-sections na -fdata-sections wakati wa kukompaili, na skripti iwe na *(.text*), si *(.text) pekee, maana majina sasa yatakuwa kama .text.jina_la_funksheni. Kisha futa faili zote za .o (matokeo ya kukompaili) ili zitengenezwe upya. Makefile nyingi hazitambui kwamba swichi zimebadilika, na utabaki unalinki vitu vya jana.

Weka -Wl,--print-gc-sections uone kila kilichotupwa; .isr_vector isiwemo. Pima kwa arm-none-eabi-size, ukijumlisha text na data. Ukubwa wa faili la ELF (lile linalotolewa na linka) kwenye diski usikuhangaishe, umechanganyika na taarifa za debagi zisizoingia kwenye flashi.

Kama bado ni kubwa, fungua faili la -Wl,-Map, ramani inayoonyesha kila kilichoingia na ukubwa wake. Mara nyingi utamkuta printf. Kwa newlib (maktaba ya C ya chipu ndogo), --specs=nano.specs humpunguza sana. Mwingine ni jedwali la vielekezi vya funksheni, mfano menyu ya amri: jedwali likitumika, kila funksheni iliyomo inabaki, hata amri ambayo haitaitwa kamwe. Hapo hakuna swichi ya kukusaidia, futa mistari hiyo kwa mkono.

-flto (kuboresha programu nzima wakati wa kulinki) tungeiacha hadi mwisho, chipu ikiwa tayari inawaka. Iweke wakati wa kukompaili na wa kulinki pia. Funksheni inayoitwa kutoka kwenye asembli tu yaweza kutoweka. Hiyo ndiyo ya kuwekea used.