Stoo ya chini inatoa maji kila masika

Pole sana mkuu, umesema ukuta wa stoo yako iliyo chini ya ardhi unatoa maji kila masika na rangi inabanduka, naielewa hiyo, nyumba yetu huku Moshono, Arusha, nayo imekaa kwenye mteremko kama yako. Usikimbilie plasta ya kuzuia maji kwa ndani, sisi tulipiga mara mbili ikabanduka yote, maana maji yanasukuma kutokea kwenye udongo ulioloa nyuma ya ukuta. Anza na bati, gata za kukinga maji ya mvua zipo? Maji yakidondoka pembeni ya msingi ndo hayohayo yanaingia, yapeleke kwenye tanki au mbali kabisa. Afu kiangazi, upande wa mlimani, chimba mtaro ushuke chini kidogo ya sakafu ya stoo ila usipite chini ya msingi wenyewe aisee, ni hatari, na chimba kipande kwa kipande. Ukuta ukiwa wazi usafishe upake lami, weka bomba la inchi 4 lenye matundu, lizungushie kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo, literemke sentimita 1 kila mita mpaka litokee chini ya kiwanja, sio kwa jirani. Na kama kuna mtoto analala humo stoo mtoe leo, ile fangasi nyeusi inayoota kwenye ukuta wenye unyevu inaweza kuumiza kifua.