Hendikapu imewasawazisha watu, sasa mkali utamjuaje?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni katibu wa ligi ya boulingi (ule mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini 10) ya ofisi yetu huku Kilindini, tuko watu 16, tunarusha gemu 3 kila Jumatano. Hendikapu yetu, yaani pini (pointi) za nyongeza anazopewa mchezaji dhaifu kila gemu, ni asilimia 90 ya tofauti kati ya 200 na wastani wa mtu. Baada ya wiki 10 nimepanga watu kwa skoa zenye hendikapu nipate mchezaji bora, anaongoza kijana aliyeanza juzi tu, wastani wake 125, na mzee wetu wa 180 yuko nyuma yake. Watu wamenuna. Nimekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Hesabu yako haina kosa, ila umempima kila mtu urefu huku wafupi umewasimamisha kwa vigoda, halafu unashangaa mbona wote wako sawa.

Chukua kalamu. Wa 180 anapewa asilimia 90 ya 20, yaani pini 18, anakuwa 198. Wa 120 anapewa 72, anakuwa 192. Tofauti ya pini 60 imebaki 6, na mngetumia asilimia 100 isingebaki hata moja, ndo kazi ya hendikapu hiyo, mechi za timu zinoge. Kwa hivyo ukipanga watu baada ya hapo unapanga mabaki tu, bahati kidogo na nani anapanda.

Na huyo kijana wako anapanda. Tuseme gemu zake 15 za kwanza alikuwa 110 na 15 za pili 140, wastani unatoka 125 sawa na ulivyoandika. Lakini hendikapu inafuata wastani wa tangu mwanzo, inakuja nyuma nyuma kama mkokoteni, ilianza 81 na hadi mwisho bado ni 67, sasa yeye anarusha 140 na anaongezewa 67 mpaka 81, lazima avuke 200 kila wiki!

Mchezaji bora mtafute kwa skoa mbichi bila hendikapu, basi, na uweke sharti la gemu, mtu aliyekuja usiku mbili asishindane na aliyekuja kumi. Boulingi haina beki wa kukukaba, kwa hivyo pointi za kushinda mechi usizihesabu hapa, zile zinategemea mpinzani alilalaje.

Aliyeimarika ni zawadi nyingine. Chukua wastani wa msimu uliopita, ufunge hapo, uone amepanda pini ngapi. Kwa mgeni utalazimika kutumia gemu zake 9 za kwanza, na hapo fungua macho, kuna watu wanaficha makali mwanzoni makusudi (kila ligi wako, hata yenu). Pia kupanda pini 15 kutoka 120 si sawa na kupanda 15 kutoka 190. Ukiangusha 9 kila fremu (zamu, ziko 10 kwa gemu) bila spea, yaani bila kuimaliza iliyobaki kwa mpira wa pili, unapata 90, ukizifunga zote kwa spea ukamalizia na 9 unapata 190, yaani kila spea ina thamani ya pini 10. Wa 120 akijifunza kuipiga ile pini moja ya pembeni anapaa haraka. Wa 190 imembakia straiki, kuangusha zote 10 kwa mpira wa kwanza, na straiki hazipatikani kwa kuomba dua. Mimi ningewagawa makundi mawili.

Kuna pia suala la usiku wenyewe, mafuta yanayopakwa kwenye leni (njia ya kurushia mpira) siku nyingine yanamkataa kila mtu. Kila mmoja mtolee wastani wake kwenye skoa ya siku hiyo, kisha tafuta wastani wa hizo tofauti. Kama ligi nzima imeshuka pini 12 na mtu kashuka 3, huyo alicheza vizuri sana.

Na usigombanishe watu kwa pini 2. Tuseme gemu za mtu zinacheza cheza kama pini 25 juu na chini ya wastani wake, gawanya 25 kwa kipeuo cha pili cha gemu 30, wastani wake bado unayumba pini 4 au 5. Waliokaribiana hivyo wape sare tu.

Kwenye Excel, usiku ambao mtu hakuja acha kisanduku kitupu, usiandike sifuri, maana sifuri inahesabiwa kama gemu na itamshusha mtu bure.