Unga chini ya vigoda: mafunzo ya kutunza mikusanyo tuyafuate au yaje?

SWALI: Nafanya kazi katika makumbusho madogo. Makumbusho ya nje tunayoshirikiana nayo yametupa nafasi mbili za mafunzo ya wiki tatu huko kwao. Stoo yetu ina vitu kama elfu tatu, vingi vya mbao na ngozi, na chini ya vigoda kadhaa nimeona unga. Wakubwa wameanza kugombea nafasi. Aende nani, na tuombe kufundishwa nini?

JIBU: Ndugu yangu, kama bado mnaweza kuzungumza nao, geuzeni safari: nauli na posho za watu wenu wawili ziwalete wakufunzi wawili hapo stoo. Mwenzangu mmoja aliwahi kurudi na cheti cha kusafisha mawe kwa leza. Sisi hatukuwa hata na kipima unyevu, na mawe yenyewe hatukuwa nayo. Mkufunzi akisimama mbele ya rafu zenu, hana budi kuanza na mlicho nacho.

Njia hii imeshajaribiwa. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Roma, liliendesha programu ya PREMA kwa makumbusho ya Afrika kusini mwa Sahara katika miaka ya 1990. Waliofunzwa wakawa wakufunzi, na humo zikazaliwa taasisi mbili za mafunzo, moja Porto-Novo, Benin, na nyingine Mombasa.

Ombeni kwanza RE-ORG, mbinu ya ICCROM na UNESCO ya kupanga upya stoo zilizosongamana. Ina vipimo viwili ninavyovipenda: kitu chochote kipatikane ndani ya dakika tatu, na kitolewe bila kusogeza vingine zaidi ya viwili. Chagueni namba kumi kwenye rejista, mmoja atafute, mwingine ashike saa. Matokeo hayo ndiyo myapeleke kwa washirika wenu. Watajua pa kuanzia vizuri zaidi kuliko wakisoma barua ndefu.

Sasa huo unga, ambao huenda unatoka kwa wadudu wanaotoboa mbao. Usiukimbilie na dawa ya kupuliza. Safisha chini ya kigoda, tandika karatasi nyeusi, kirudishe taratibu, kisha usikiguse kwa wiki moja au mbili, maana hata mtikisiko hudondosha unga wa zamani. Ukikuta vijilima vipya, vyeupe, chini ya matundu, wadudu wako hai. Kitie kigoda katika mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa, ukiweke ndani ya friza: siku 3 zinatosha kwenye nyuzi -30, lakini friza ya kawaida ya -18 ipe wiki 2. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, ili umande ujikusanye nje ya plastiki na si juu ya mbao. Ngoma zilizowambwa, pembe za ndovu na mbao zilizopakwa rangi usizigandishe kabla mtaalamu hajaziona. Hili ni somo la siku mbili tatu, na linafundishika vizuri zaidi kwa kigoda chenu kuliko kwa picha ukutani.

Jambo moja la afya: mikusanyo ya zamani mara nyingi ilipakwa sumu ya aseniki au kunyunyiziwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Vaeni glavu za nitrili na barakoa, na waombeni washirika waje na kifaa cha kupima aseniki. Wao wanacho au wanajua pa kukiazima.

Kama safari haikwepeki, aende anayeshika ufunguo wa stoo na anayefagia humo. Mkuu akirudi ataitwa mikutanoni, na daftari litabaki kabatini. Aendaye abebe picha za rafu zenu na orodha ya vifaa mnavyoweza kununua wenyewe, na kila anachofundishwa aulize kitafanywaje kwa hivyo tu. Katika makubaliano andikeni kwamba mkufunzi atakuja baada ya miezi sita kukagua rafu zilezile, na kwamba friza iko kwenye bajeti.